Roboti za Kugeuka: Tunataka za Kushikwa

Najua umeyapitia mambo mazito katika kurasa zilizotangulia, na sasa umeliona neno "roboti" hapo juu ukasema moyoni, "Ala! Huyu naye amepotea njia." Sijapotea. Mhariri aliniuliza kama niko timamu, nikamjibu kwamba niko timamu sana, naye akanipa kurasa zangu kwa masharti mawili: nisitie Sheng na nisizidishe. La kwanza nitalitimiza.

Nazungumzia vichezeo vinavyotokana na vibonzo vya Kijapani, vile ambavyo sisi vijana tunaviita anime. Unashika ndege ya kivita mkononi. Unakunja bawa, unashusha mguu, unageuza kifua, na kumbe muda wote mlikuwa na mtu humo ndani amejikunja akisubiri. Wengi wenu mnazijua Transformers kwa ajili ya zile filamu za Marekani zilizoanza mwaka 2007. Lakini mizizi yake iko Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa na vichezeo vyake vya Diaclone tangu 1980, na mwaka 1983 ikatoa vingine katika ukoo wa Microman, vilivyokuwa vitu vya kawaida vya binadamu, kinasa sauti, bastola, kigari, na vyote vikigeuka roboti. Hasbro ya Marekani ikavichukua, ikavibandika majina mapya na hadithi moja ya vita, na mwaka 1984 ikavitoa sokoni kama Transformers. Yule lori mashuhuri Optimus Prime kwao Japani huitwa Convoy. Basi anayedhani jambo hili lilianzia Hollywood, na atulie kidogo.

Mimi ni mkusanyaji wa vitu hivi. Sina vingi, ninavyo sita tu, na vyote vimeshikwa na mikono mingi kabla ya wangu. Na ninalotaka kusema leo ni hili: kichezeo cha kugeuka ambacho hakigeuzwi ni ulaghai wa aina fulani, na kampuni zinazovitengeneza zinazidi kutuuzia ulaghai huo, tena kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Ninatumaini matoleo yajayo yatakuwa bora. Na nikisema bora sisemi yenye rangi nyingi zaidi. Nasema yenye kustahimili vidole.

Hebu niwachukue kwa mfano mmoja ninaoujua vyema, nao ni ndege iitwayo VF-1 Valkyrie.

Kibonzo chake kinaitwa Super Dimension Fortress Macross. Kilionyeshwa Japani kuanzia Oktoba 1982 hadi Juni 1983, sehemu 36. Aliyeibuni ndege hiyo ni Shoji Kawamori, aliyezaliwa mwaka 1960, kwa hiyo kibonzo kilipoanza alikuwa na miaka 22 tu, kijana aliyekuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Keio. Huyu bwana hata baada ya kupata umaarufu anajulikana kwa kuyajaribu mageuzi yake kwa matofali ya Lego kabla hayajafika kiwandani. Yaani huchora, halafu hujenga kwa mkono aone kama kitu kinakunjika kweli. Wanafunzi wa Fizikia mpo?

Sasa tazama kazi yake. Ndege inafanana na F-14 ya jeshi la wanamaji la Marekani. Mabomba mawili ya injini yaliyo nyuma ndiyo miguu, na ile midomo ya kutolea moto ikifunguliwa inakuwa nyayo. Mikono imelala katikati ya mabomba hayo, chini ya tumbo. Kichwa nacho kinaning'inia chini kama mzinga mdogo wa kulenga shabaha. Unapoigeuza, pua ya ndege inajikunja kushuka, mgongo unapanda, mabawa yanafyata nyuma kama ya njiwa aliyetua, na kichwa kinachomoza mahali pake. Katikati ya safari kuna umbo la tatu, ndege yenye miguu na mikono, mfano wa mbuni aliyeshtuliwa kichakani. Mtu akiniuliza urembo uko wapi, namwambia uko hapo: kila kiungo kina kazi mbili na hakuna kilichotiwa kwa kujaza nafasi.

Kampuni iliyokitengeneza kichezeo cha kwanza iliitwa Takatoku. Waliitoa Valkyrie kwa kipimo cha 1 kwa 55, yenye chuma kwenye viungo vya kubeba uzito na plastiki nene kwingineko. Ukiilinganisha na picha ya kwenye runinga, imenenepa miguu na shingo ni fupi. Wapo wakusanyaji wanaoicheka. Lakini ile kitu ni ngumu jamani! Ninayo moja. Mjomba wangu ni baharia, na alipopita Yokohama aliingia duka la vitu vilivyotumika akanichukulia, sanduku halina, bunduki haina, na ndiyo maana bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Mdogo wangu wa darasa la tatu ameigeuza, kwa makisio yangu, zaidi ya mara elfu. Imeanguka sakafuni, imeanguka ngazini, siku moja ilizama kwenye karai la nguo. Bawaba bado zinashika.

Takatoku wenyewe hawakuwa na bahati ya kichezeo chao. Kampuni ilianguka mwaka 1984. Kalibu za Valkyrie zikaangukia kwa Bandai, nao Hasbro, waliokuwa na leseni, mwaka 1985 wakaitoa ndege ile ile Marekani kama Transformer aitwaye Jetfire. Hapo ndipo pakawa na kizaazaa cha kuchekesha. Bandai na Takara ni mahasimu kule Japani, na Hasbro ni mshirika wa Takara. Kwa hiyo Jetfire hakuuzwa na Takara Japani kabisa, na kwenye katuni ya Transformers walimbadilisha sura na jina wakamwita Skyfire, ili mtu asije akasema nyinyi mnatangaza mali ya jirani. Mtoto wa Marekani alimwona mmoja kwenye runinga, akamkuta mwingine dukani. Mambo ya wakubwa hayo.

Nimeyaeleza haya yote ili mwone kwamba mwanzo wa jambo hili ulikuwa kichezeo chenye nguvu. Urembo kamili ulikuja baadaye, na ulipokuja ulikuja na gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni iitwayo Yamato ilitoa Valkyrie ya 1 kwa 60 iliyofanana na kibonzo vizuri zaidi kuliko ile nene. Lakini ili kuigeuza ilikupasa uing'oe miguu na kuichomeka tena mahali pengine. Je, huko ni kugeuka au ni kukatwa na kuungwa? Kwa haki, Yamato hao hao hawakuchelewa kutoa nyingine kubwa ya 1 kwa 48 iliyogeuka bila kung'olewa kitu, na wakusanyaji wakashangilia. Leo Bandai nao wanatengeneza ya 1 kwa 48, nzuri kama pambo la harusi, na hapo ndipo penye shida yangu.

Vichezeo vya namna hiyo mara nyingi huvuka yen 20,000. Kwa pesa zetu hizo ni shilingi elfu kumi na kadhaa, kabla ya meli wala ushuru. Hutolewa kwa oda ya mapema, nafasi zikaisha dakika chache, halafu kesho yake unavikuta kwa mlanguzi kwa bei maradufu. Mnunuzi anayelengwa ni mtu mzima mwenye mshahara aliyekipenda kibonzo utotoni. Sina ugomvi na mtu mzima. Lakini mtu mzima huyo hagusi! Nilipelekwa na mjomba kwa jamaa mmoja ambaye ana tano, zote ndani ya masanduku, na masanduku ndani ya kabati la kioo. Nikamwomba nione moja ikigeuka. Akaniangalia kama niliyeomba figo. Akasema, "Kijana, ukifungua tu, bei imeanguka." Basi tukasimama watu watatu tukitazama masanduku.

Upande wa pili wa duka kuna vichezeo vya watoto wadogo. Hivi vimerahisishwa mpaka vinageuka kwa hatua moja: unavuta kichwa, tayari. Mtoto wa miaka minne atafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini mtoto wa miaka tisa atamaliza siri yake kabla ya chakula cha mchana. Kati ya hatua moja na shilingi elfu kumi na kadhaa kuna jangwa, na huko jangwani ndiko tunakoishi mimi na mdogo wangu na, nadhani, watoto wengi wa dunia.

Mtu ataniambia kabati ndiyo salama. Si kweli hata kidogo, na hili wakusanyaji wanalijua vizuri. Vipo vichezeo vya mwisho wa miaka ya 1980 na vya miaka ya 1990 vilivyotengenezwa kwa plastiki yenye mchanganyiko wa rangi ya dhahabu. Plastiki ile huoza kimyakimya. Unakitoa kabatini baada ya miaka, unakishika polepole kama yai, nacho kinamegeka kama biskuti ya chai. Jetfire naye, yule mweupe, hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Plastiki inazeeka iguswe isiguswe. Afadhali basi izeeke ikiwa imechezewa.

Roboti yangu ya kwanza, mkitaka kujua, ilitoka kwenye robota. Mwanzo nilidhani ni maneno yanayofanana tu, baadaye nikaona ni bahati: robota la mitumba lilifunguliwa sokoni Kongowea, na chini ya sweta za watoto pakawa na kigari chekundu kinachogeuka mtu, mguu mmoja umelegea kabisa. Muuzaji alikuwa anataka kukitupa. Nikampa shilingi ishirini. Nyumbani nikaona kwamba pini ya goti ilikuwa imetoka. Nikakata kipande cha spoku ya baiskeli, nikakisugua kwenye simenti mpaka kikapungua, nikakipitisha. Kigari kikasimama kwa miguu miwili. Sisi ambao tumekua tukiunda magari ya waya yenye magurudumu ya ndara kuukuu hatuogopi kitu kilichovunjika. Tunaogopa kitu kisichofunguka. Na vichezeo vipya vingi, hasa vya bei nafuu, vimegundishwa kwa gundi badala ya parafujo. Kikivunjika kimekwisha. Kampuni haziuzi goti peke yake wala bawaba peke yake. Ukitaka goti, nunua mtu mzima mwingine.

Hapa niruhusuni nirudi kwenye Macross, kwa sababu hadithi yenyewe imeyasema haya kuliko ninavyoweza mimi. Maadui katika kibonzo hicho ni majitu yaitwayo Wazentradi. Wameumbwa kwa ajili ya vita tu. Hawana nyimbo, hawana familia, na (hapa mwalimu wa Fasihi atafurahi) hawajui kukarabati chochote. Wana meli nyingi zisizohesabika angani, lakini chombo kikiharibika ndiyo basi. Wanaposikia kwamba binadamu wanatengeneza upya kitu kilichovunjika, wanashikwa na bumbuazi. Halafu wanatuma wapelelezi watatu, waliofanywa wafupi kimo cha binadamu, waingie mjini. Wapelelezi wanarudi na nini? Wanarudi na mwanasesere! Mwanasesere wa mwimbaji kijana aitwaye Lynn Minmay. Wenzao wanamtazama yule mwanasesere, na jeshi zima linaanza kulegea moyo kabla hata vita havijaamuliwa. Silaha hazikuyafanya hayo. Ilifanya kichezeo.

Mimi nikiona kabati la kioo lililojaa roboti zisizoguswa, samahani, nawaona Wazentradi: vyombo vingi na hakuna anayejua goti linavyofunguka.

Walimu wangu wawili watatu wana hoja nyingine, nami nawaheshimu. Wanasema hivi ni vichezeo vya vita na vya watoto, na kijana wa sekondari apaswa kuwa ameviacha. Kuhusu vita nimekwisha kusema habari za Minmay. Kuhusu utoto, nauliza tu: mhandisi wa daraja anaanza kuujua uzito akiwa na umri gani? Bawaba niliyoisoma kwenye kile kigari ndiyo iliyonifanya niielewe nyenzo darasani kabla mwalimu hajamaliza kuchora. Sidai kwamba kila mwenye roboti atakuwa mhandisi. Nina rafiki ana nane na bado Fizikia inamkimbia.

Je, matumaini yapo? Yapo, tena si ya kujidanganya. Kwa miaka mingi Macross ilifungwa na kesi. Kampuni ya Harmony Gold ya Marekani ilinunua leseni, ikakiunganisha kibonzo hicho na vingine viwili, na mwaka 1985 ikatoa Robotech, sehemu 85. Huko Japani nako Studio Nue na Big West kwa upande mmoja, na Tatsunoko kwa upande mwingine, walifikishana mahakamani kuhusu nani mwenye michoro na nani mwenye kibonzo. Matokeo yake ni kwamba vichezeo vingi vya Macross havikuweza kuuzwa rasmi nje ya Japani. Ulitaka chako, ukatafute baharia, kama mimi. Aprili 2021 Big West na Harmony Gold wakatangaza kwamba wamepatana, na njia ikafunguka kwa Macross kwenda duniani. Fahali wawili hao wamepigana muda mrefu, na nyasi, yaani sisi, tunastahili sasa kuota kidogo.

Pia kuna mfano mzuri kutoka kwa Takara, ambayo siku hizi ni Takara Tomy. Mwaka 2024 walianza mfululizo wanaouita Missing Link. Wamemchukua yule Convoy wa zamani, sura ile ile ya miaka ya 1980, mraba na mzito, wakampa maungo yanayokunjika kwa namna ambayo yule mzee hakuweza. Hilo ndilo ninalolitaka kwa Valkyrie ya 1 kwa 55! Msitafute kufanana na picha mpaka nywele. Chukueni unene wa Takatoku, chuma chake magotini, ongezeni mikunjo ya leo, fungeni kwa parafujo, na muweke ndani ya sanduku pini mbili za akiba na bisibisi ndogo. Muuze bila oda ya dakika tano. Mkiona bei inapanda, toeni stendi, toeni kile kikaratasi cha cheti, toeni mikono ya ziada kumi na miwili ambayo hupotea wiki ya kwanza. Bawaba msiiguse.

Na msidhani kampuni hazisikii. Mwaka 1986 filamu ya Transformers ilimwua Optimus Prime ili kupisha vichezeo vipya vya msimu, hesabu ya dukani tupu. Watoto wakalia ndani ya majumba ya sinema, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 Optimus akafufuliwa kwenye runinga. Kama machozi ya watoto wa miaka saba yalimrudisha lori kutoka kaburini, barua za wakusanyaji zaweza kuleta parafujo. Mimi nimeandika yangu kwa Kiingereza cha kuomba, mwalimu wa Kiingereza ameisahihisha kwa wino mwekundu bila kuuliza ni ya nini, na mjomba ameahidi kuipeleka.

Kwa wanaotaka kuona ninachokisema: siku ya maonyesho ya vyama, muhula wa pili, nitakuwa na meza ya pili kutoka mlangoni, karibu na wale wa Chama cha Sayansi. Valkyrie itakuwepo, na kigari chekundu pia, na kushika ni ruhusa kwa kila mtu pamoja na walimu. Anza na miguu. Shusha kwanza, halafu ndipo uinue kichwa. Na tafadhali sana, wale wa Kidato cha Kwanza, msivute shingo.